Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipindi vya mazungumzo ya mchana kwenye runinga za mijini Marekani

Vipindi gani hasa vinazungumziwa hapa?

Vile vilivyotengenezwa na kituo cha mji mmoja kwa ajili ya watu wa mji huo, na kurushwa mchana wakati wengi wako kazini au shuleni. Kochi, meza ndogo, vikombe vya kahawa, na mara nyingi hadhira ya watu hamsini au mia studioni. Mgeni wa kwanza ni daktari wa hospitali ya jirani, wa pili mwandishi anayepita mjini kuuza kitabu chake, wa tatu mama aliyeshinda mashindano ya kuoka keki. Kesho tena, siku tano kwa wiki.

Ili habari hii ieleweke, weka kando mazoea ya TBC au KBC. Kule Marekani kituo cha Cleveland ni cha Cleveland na cha Seattle ni cha Seattle, kila kimoja na leseni yake. Vingi hujiunga na mtandao wa kitaifa, yaani ABC, CBS au NBC, ambao huvipa vipindi vya usiku, habari za kitaifa na tamthilia za mchana. Saa zinazobaki, kwa mfano saa tatu asubuhi, adhuhuri au saa kumi jioni, kituo hujitafutia chenyewe cha kurusha. Mapengo hayo ndiyo yaliyozaa vipindi hivi, na vita ya kuyajaza kwa bei nafuu ndiyo iliyoviua.

Nani alianza?

Kila mji una jina lake la kujivunia, lakini ukiniuliza mimi nitakupeleka Cincinnati, jimbo la Ohio, kwa Ruth Lyons. Alikuwa mtu wa redio tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1946, kwenye redio ya WLW, alianzisha kipindi cha saa ya chakula cha mchana ambapo wanawake 50 walialikwa kula na kuwa sehemu ya matangazo. Kikaitwa 50 Club. Mwaka 1949 kikaingia runingani kupitia WLWT, na baadaye nafasi za hadhira zilipoongezwa hadi 100 kikawa 50-50 Club. Vituo ndugu vya Dayton na Columbus navyo vikakirusha.

Hebu mtazame. Ni mwanamke wa makamo, maikrofoni yake imefichwa ndani ya shada la maua alilolishika mkononi. Mbele yake wamekaa wanawake wenye kofia na glavu nyeupe kama wanaokwenda kanisani. Hana karatasi ya kusoma. Anasema lililomjia, anatania bendi yake, kisha bila kubadili sauti anaanza kusifu kahawa au sabuni, na hapo ndipo unapogundua kwamba tangazo la biashara limeshaanza. Bidhaa asiyoiamini aliikataa, na kukataa kwake kuliwafanya wenye bidhaa wazidi kupanga foleni. Tiketi za kuingia studioni zilisubiriwa kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alicheza dansi hewani na mwimbaji Mweusi, simu za hasira zikamiminika, naye hakurudi nyuma.

NBC ilijaribu kukipeleka kipindi hicho nchi nzima mwaka 1951. Kilidumu huko kama mwaka mmoja tu. Sioni ajabu. Utamu wa Ruth Lyons ulikuwa katika kujulikana: mtazamaji wa Cincinnati alimwona kama shangazi, wa California alimwona mama fulani asiye na haraka. Mfuko wake wa Krismasi, ulioanzishwa mwaka 1939 kuwanunulia vitu vya kuchezea watoto waliolazwa hospitalini, umeendelea hata baada yake. Yeye alistaafu Januari 1967, miezi michache baada ya kufiwa na binti yake. Bob Braun akakirithi kiti mpaka 1984.

Kwa nini mchana, na kwa nini kina mama?

Kwa sababu ndio waliokuwa nyumbani. Mwaka 1950 ni kama theluthi moja tu ya wanawake wazima wa Marekani waliokuwa kwenye soko la ajira. Mwenye kiwanda cha sabuni au unga alimtaka mtu anayeamua nini kinunuliwe kwa ajili ya nyumba. Walikuwepo pia wanaume waliotazama, wenye zamu za usiku viwandani, wastaafu na wagonjwa, ila hakuna mfanyabiashara aliyewafikiria.

Kituo kilipata faida gani?

Pesa kwanza. Dakika zote za matangazo zilikuwa mali ya kituo, hakuna wa kugawana naye. Pia mwendeshaji wa kipindi akishapendwa, anapendwa pamoja na kituo: yeye ndiye anayeongoza gwaride la sikukuu, anakata utepe duka jipya likifunguliwa, na watu wakimpenda hubaki hapo hapo kutazama taarifa ya habari ya jioni.

Halafu kulikuwa na leseni. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilidai kituo kionyeshe kwamba kinawahudumia watu wa eneo lake, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 leseni za runinga zilihuishwa kila baada ya miaka mitatu. Meneja mwenye kipindi cha kila siku ambacho meya, mwalimu mkuu na bwana afya wanahojiwa alikuwa na cha kuandika kwenye fomu. Sisemi vipindi vilitengenezwa kwa ajili ya fomu. Nasema fomu ilisaidia kumnyamazisha mhasibu.

Phil Donahue anaingia wapi? Si alikuwa mtu wa taifa zima?

Aliishia hivyo. Alianzia Dayton, Ohio, Novemba 6, 1967, kwenye kituo cha WLWD, ndugu wa kile cha Ruth Lyons.

Dayton wakati huo ulikuwa mji wa watu kama robo milioni. Nyota wa filamu hawapiti Dayton. Kipindi hakikuwa na bendi wala fedha za kuwasafirisha wageni wakubwa watano kwa siku. Basi Donahue akafanya lililowezekana: mgeni mmoja, mada moja, saa nzima. Wiki yake ya kwanza ndiyo inayonifurahisha kuliko zote katika historia hii. Jumatatu alimleta Madalyn Murray O'Hair, mwanamke asiyeamini Mungu ambaye kesi yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizofanya Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1963, ikataze usomaji wa Biblia ulioongozwa na shule za umma. Jumanne walikuwapo wanaume wasiooa, wakieleza wanapenda nini kwa mwanamke. Jumatano ikaonyeshwa filamu ya mama akijifungua. Alhamisi mtu wa shughuli za mazishi. Ijumaa akaonyeshwa mwanasesere wa kiume aliyetengenezwa akiwa na viungo vyote vya mwili, hata vya siri, watazamaji wakaombwa wapige simu kusema kama wanakubali au hawakubali, na laini za simu zikazidiwa.

Hayo yote mchana, katika mji mdogo wa Ohio, mwaka 1967.

Lakini jambo lililobadilisha runinga lilitokea kwa bahati tu. Saa hiyo hapo awali ilikuwa ya kipindi cha burudani chenye hadhira, na watu walikuwa tayari wameshika tiketi zake. Kituo kikaona aibu kuwafukuza, kikawaacha waingie. Wakati wa mapumziko ya matangazo Donahue akawasikia wakimwuliza mgeni maswali mazuri kuliko yake. Siku zilivyokwenda akashuka na maikrofoni hadi kwenye viti vyao. Mtindo wa mwendeshaji kukimbia kati ya safu za watu akimnyooshea huyu na yule maikrofoni ulizaliwa hapo.

Mwaka 1974 alihamia Chicago, mwaka 1985 New York, na alipofunga mwaka 1996 alikuwa ametengeneza vipindi zaidi ya 6,000. Alifariki Agosti 2024 akiwa na miaka 88. Wengi hudhani ubunifu wa namna hii hutoka New York au Los Angeles. Huu ulitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtazamaji isipokuwa mazungumzo yenyewe.

Ni kweli Good Morning America, kipindi cha asubuhi cha ABC, imetokana na kipindi cha Cleveland?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kituo cha WEWS cha Cleveland kilianza kurusha The Morning Exchange Januari 1972. Badala ya dawati la habari, walijenga kitu kinachofanana na sebule. Waendeshaji, Fred Griffith akiwa ndiye uso unaokumbukwa zaidi, walikaa wakaongea na wageni bila haraka, na habari zikasomwa kwa vipindi maalumu ndani ya saa, kisha mazungumzo yakaendelea. ABC ilikuwa na kipindi cha asubuhi kilichosuasua. Ikautazama mtindo wa Cleveland, na Novemba 1975 Good Morning America ikaanza ikiwa na sebule yake.

Cleveland hiyo hiyo ndiko alikoanzia Mike Douglas mwaka 1961, kabla kipindi chake hakijahamia Philadelphia mwaka 1965. Huyu alikuwa zaidi mtu wa muziki na maskhara, mwenye utaratibu wa kumkaribisha mtu maarufu amsaidie kuendesha kipindi kwa wiki nzima. Februari 1972 walikuwa John Lennon na Yoko Ono, wiki nzima, saa za mchana, mbele ya kina mama wa Philadelphia. Kipindi chake kiliuzwa kwa vituo vya miji mingi kuanzia mwaka 1963, na hapo tunagusa jambo litakalorudi baadaye kwa ubaya.

Na Oprah?

Oprah Winfrey naye ni mtoto wa vipindi vya mjini. Mwaka 1976 aliajiriwa Baltimore, kituo cha WJZ, asome habari za jioni. Haikwenda vizuri, akaondolewa kwenye dawati hilo. Mwaka 1978 wakampa kipindi cha mazungumzo, People Are Talking, pamoja na Richard Sher. Wakubwa wake huenda waliona wamemsogeza pembeni, kumbe wamemweka mahali pake.

Januari 2, 1984 akaanza kazi WLS Chicago kwenye AM Chicago, kipindi cha nusu saa kilichokuwa mkiani. Mpinzani wake saa hiyo alikuwa Donahue mwenyewe, nyumbani kwake Chicago. Haukupita muda mrefu Oprah akampita. Kipindi kikarefushwa kuwa saa nzima, kikapewa jina lake, na Septemba 8, 1986 kikaanza kurushwa nchi nzima, mada ya siku hiyo ikiwa namna ya kumpata mwenzi unayemtaka. Kilidumu misimu 25, hadi Mei 25, 2011, na kikaonekana katika nchi zaidi ya 140. Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki walimjua Oprah bila kujua kwamba alianza kama mtangazaji wa mji mmoja, akiwahoji watu wa mji huo.

Kama vilipendwa hivyo, vilikufaje?

Jibu langu ni moja na nitalishikilia: viliuawa na watoto wao wenyewe.

Chukua kituo cha mji wa ukubwa wa kati mwaka 1987. Kina kipindi chake cha mchana. Kinalipa waendeshaji wawili, mtayarishaji, watafuta wageni, wapiga picha watatu, mtu wa sauti, mtu wa taa, mwelekezi na mtu wa vipodozi. Saa tano za kipindi kila wiki zinahitaji wageni wapya wapatao thelathini. Wageni hawaji, wengine wanachelewa, wengine wakifika wanajibu “ndiyo” na “hapana”.

Sasa anakuja, na mkoba wake, wakala wa msambazaji, yaani kampuni inayouza vipindi kwa vituo vya miji mingi. Anauza kipindi kilichokamilika, kinachoendeshwa na Oprah au Donahue au Geraldo Rivera. Kuna aina mbili za malipo. Kituo kinaweza kulipa fedha taslimu kwa wiki, au kikapewa kipindi kwa bei ndogo, hata bure, kwa sharti kwamba baadhi ya dakika za matangazo ni za msambazaji, naye ataziuza kwa makampuni ya kitaifa. Zilizobaki ni za kituo. Tuseme kuna dakika kumi na nne za matangazo katika saa, msambazaji akachukua nne. Kituo kimebaki na kumi, hakina mshahara hata mmoja wa kulipa, na watazamaji wameongezeka. Meneja gani atakataa?

Oprah alikuwa ghali, lakini vituo vingi vilimweka saa kumi jioni, saa moja kabla ya taarifa ya habari ya mji. Aliyemtazama Oprah hakubadili kituo, na habari za jioni ndizo zilizoingiza fedha nyingi. Kwa hiyo hata gharama yake ilijirudisha.

Kwa namna hiyo mtindo uliobuniwa Dayton na kukomazwa Chicago ukauzwa kwa kila mji, na kila mji ulioununua uliondoa kipindi chake ili kupata nafasi. Kelly & Company ya Detroit, iliyoanza mwaka 1977 na kuendeshwa na wanandoa John Kelly na Marilyn Turner, ilifungwa 1995. The Morning Exchange ikafungwa Septemba 1999. Northwest Afternoon ya Seattle ilikaza tangu 1984 hadi 2008.

Sheria haikuhusika?

Ilihusika, ila kwa kuondoka. Mwaka 1984 FCC ilifuta miongozo iliyovitaka vituo vya runinga viwe na kiasi fulani cha vipindi vya eneo lao na vya masuala ya jamii, na pamoja nayo ikafuta kikomo cha dakika za matangazo. Mara moja ikawezekana kuuza nusu saa nzima kwa muuza visu au mashine ya mazoezi. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ikarefusha leseni hadi miaka minane na kuruhusu kampuni moja kufikia hadi asilimia 35 ya kaya za nchi, kutoka asilimia 25.

Mmiliki wa vituo vingi anaponunua kipindi, anakinunua kwa ajili ya miji yake yote kwa mkupuo. Kituo kimoja kikisema “sisi tuna chetu”, kinaonekana msumbufu.

Nimesoma kwamba wanawake kuingia kazini ndiko kulikoviua. Si kweli?

Si uongo, lakini hoja hii hupewa uzito kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba kufikia mwaka 1999 asilimia 60 ya wanawake wazima walikuwa kwenye soko la ajira. Hata hivyo miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wanawake walipokuwa wakiingia kazini kwa wingi, ndiyo miaka ambayo vipindi vya mazungumzo vya kitaifa vilizidi kuongezeka mpaka vikapita ishirini. Watazamaji walikuwapo wa kutosha. Walichokosa ni kipindi cha mji wao.

Kebo nayo ilichangia. Kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, iliyoonyeshwa moja kwa moja mwaka 1995, iliwafundisha watu wengi kubonyeza chaneli za kebo mchana, na baadhi hawakurudi.

Jerry Springer, ambaye wageni wa kipindi chake walipigana ngumi mbele ya kamera, je, ndiye aliyeharibu?

Alikuta nyumba imeshaanza kuungua. Geraldo Rivera alivunjwa pua studioni mwaka 1988 wageni wake, vijana wa makundi ya kibaguzi, walipopigana. Mwaka 1995 mgeni wa kipindi kingine cha kitaifa aliuawa huko Michigan, siku chache baada ya kueleza mbele ya kamera kwamba anampenda mwanamume mwenzake, na huyo aliyetajwa ndiye aliyempiga risasi. Mwaka huo huo wanasiasa wa vyama vyote viwili walisimama kuwashutumu wafadhili wa vipindi vya namna hiyo.

Kuhusu Springer kuna jambo ambalo husahaulika. Alikuwa meya wa Cincinnati mwaka 1977 hadi 1978, kisha msomaji habari wa WLWT, kituo kile kile cha Ruth Lyons. Kipindi chake kilianza hapo Cincinnati Septemba 1991, kikitengenezwa na kampuni iliyomiliki pia kipindi cha Donahue, na mwanzoni kilikuwa kipindi cha heshima kilichozungumzia siasa na watu wasio na makazi. Watazamaji hawakutosha. Mwaka uliofuata kikahamia Chicago, na katikati ya miaka ya 1990 viti vikaanza kurushwa.

Hapo ndipo naona tofauti ya kipindi cha mji na cha taifa. Mgeni wa Ruth Lyons kesho yake alikutana na watazamaji sokoni. Mgeni wa Springer alipandishwa ndege, akatukanwa mbele ya taifa, akarudishwa kwao, na hakuna aliyehusika na kipindi ambaye angekutana naye tena. Ukijua utakutana na mtu kwenye foleni ya benki, unamhoji kwa adabu.

Vipindi vya ngumi navyo vilichoka. Judge Judy, kipindi cha mahakama cha jaji mstaafu, kilipoanza Septemba 1996 wenye vituo waligundua kwamba ugomvi wa jirani na jirani mbele ya jaji ni rahisi kutengeneza, una mwisho, na hauwatishi wenye matangazo.

Vyote vimekufa?

Hapana. AM Northwest ya Portland, Oregon, iliyoanza mwaka 1975, ilivuka hadi miaka ya 2020. Kipindi cha asubuhi cha WABC New York alichokianza Regis Philbin mwaka 1983 kilienda kitaifa mwaka 1988, na baada ya kubadilisha waendeshaji kadhaa bado kinaitwa Live.

Vilivyoongezeka ni vya aina nyingine. Tangu miaka ya 2000 vituo vingi vimekuwa na kipindi cha “mitindo ya maisha” saa nne au saa tano asubuhi: kochi lipo, kahawa ipo, tabasamu lipo, ila mgeni amelipia kiti. Daktari wa meno anaulizwa kuhusu meno yake bandia, fundi wa madirisha kuhusu madirisha. Sheria inataka mtazamaji aambiwe kwamba kipande kimelipiwa, na huambiwa kweli, kwa maandishi madogo mwishoni au kwa sentensi moja inayopita mbio.

Mwaka 2021 mchekeshaji John Oliver alilijaribu hilo. Timu yake ilibuni blanketi la uongo lenye “tiba ya sumaku”, ikanunua muda kwenye vituo vya Denver, Austin na Utah, na waendeshaji wakamhoji mwakilishi wa blanketi hilo kwa uchangamfu wote. Inachekesha ukiitazama. Halafu unakumbuka kwamba Ruth Lyons naye aliuza bidhaa hewani kila siku, na unalazimika kujiuliza tofauti iko wapi. Kwangu mimi iko hapa: yeye angeweza kukataa.

Saa zile sasa zinajazwa na nini?

Habari, habari, na habari. Ellen DeGeneres, mwendeshaji wa kipindi cha mazungumzo cha kitaifa, alikifunga mwaka 2022, na mwaka huo huo vipindi vya Maury Povich na Wendy Williams navyo vikamalizika. Vituo vingi vilipokosa mbadala wenye mvuto viliongeza saa za taarifa ya habari, kwa kuwa waandishi wameshalipwa na kamera zipo. Ukikaa mchana kutwa utasikia ajali moja ya barabarani ikisomwa mara tano.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yanafanana?

Kwa sura, ndiyo. Kwa mifupa, hapana. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya runinga mwaka 1994, wakati kule Marekani vipindi vya miji vilikuwa tayari vinafungwa kimoja baada ya kingine. Vituo vyetu vingi vilizaliwa vikiwa vya nchi nzima, makao Dar es Salaam au Nairobi. Jambo Tanzania ya TBC au Good Morning Kenya ya KBC ni vipindi vya taifa. Hatukuwahi kuwa na kipindi cha kochi cha Dodoma kwa watu wa Dodoma kinachorushwa kila siku kwa miaka ishirini na saba kama kile cha Cleveland.

Kazi hiyo kwetu ilifanywa na redio. Leo Tena ya Clouds FM imekaa masikioni mwa watu saa za mchana kwa miaka mingi, na ukitaka mji hasa, sikiliza redio za mikoa Tanzania au redio za lugha za jamii nchini Kenya, ambako msikilizaji anapiga simu kulalamikia daraja analolijua kila mtu. Huo ndio undani wa Dayton, bila picha.

Na kiti cha kulipia nacho tunacho. Ukisikia mtaalamu wa tiba asili anahojiwa nusu saa nzima, kila swali linamsifu, na namba yake ya simu inatajwa mara sita, usidhani alipita tu akakuta mlango wazi.

Runingani, wanaohoji kwa undani wameanza kuhamia mtandaoni. Salama Jabir aliyejulikana kwa Mkasi kwenye EATV amefanya mahojiano marefu ya SalamaNa kupitia YouTube, mahali ambapo hakuna meneja wa kumwambia muda umekwisha. Marekani wameelekea huko pia kwa podikasti: watu wawili, maikrofoni mbili, mgeni mmoja, mada moja. Donahue angeutambua mtindo huo.

Naweza kuvitazama vipindi vya zamani?

Baadhi. Kanda za video za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa ghali, vituo vikazifuta na kurekodi juu yake, kwa hiyo sehemu kubwa imepotea kabisa. Vipindi vilivyotumwa kushindania tuzo za Peabody, tuzo za utangazaji za Marekani, vilihifadhiwa, na mkusanyiko wake uko Chuo Kikuu cha Georgia. Humo mna kazi nyingi za vituo vya mijini. Kwa miaka ya 1980 na 1990 anza na YouTube, ambako watu wamepandisha walichorekodi nyumbani kwa VHS. Jaribu kutafuta kwa herufi za kituo pamoja na mwaka, maana waliopandisha wengi hawakumbuki jina la kipindi. Ukikuta mkanda ambao matangazo ya biashara hayakukatwa, usiyaruke. Duka la magodoro la mtaa wa pili likitangaza katikati ya kipindi, hapo ndipo utaona nani alikuwa analipia kochi.